Mwalimu Aliyeogopa Kimya

Tuliisikia sauti kabla ya kumwona mtu. Ilikuwa nje ya mlango wa darasa, kwenye korido, ikipanda na kushuka taratibu: ma, me, mi, mo, mu. Kisha ba, be, bi, bo, bu. Kikafuata kikohozi kifupi, kisha maji yakamezwa, tukayasikia yakishuka kana kwamba koo lenyewe lilikuwa mle ndani pamoja nasi. Wanafunzi waliokuwa wakipiga soga wakanyamaza mmoja mmoja. Mwenzangu wa Misigiri, ambaye tulipanga naye chumba kimoja huko Mandewa na ambaye hakuna jambo asiloweza kulichekea, aliniinamia akaniuliza kama chuo kikuu nacho kina darasa la chekechea.

Nilikuwa nimeitambua sauti kwenye ile "mo", na vinyweleo vya mikono vilikuwa vimenisimama.

Nilikua nayo sauti hiyo. Nyumbani kwetu Mgori, kila asubuhi saa moja, ilitoka kwenye redio ndogo ya sola ambayo bibi aliitundika kwenye msumari jikoni, ikatusomea habari za mkoa: bei ya alizeti, barabara iliyokatika, mkutano wa wilaya, marehemu na mahali watakapozikwa. Nilipiga mswaki nayo, nikanywa uji nayo, nikavaa sare za shule nayo. Katika akili yangu mwenye sauti alikuwa jitu, mtu mwenye tumbo na koti, ambaye kiti kinalia anapokikalia.

Mlango ukafunguka bila kutoa hata mlio. Akaingia mtu mfupi, mwembamba, amevaa sweta la bluu, ana karatasi moja tu mkononi. Aligeuka akaufunga mlango kwa mikono miwili, akikizungusha kitasa kwanza ili komeo lisigonge, kwa uangalifu ambao mtu huutumia kwenye chumba chenye mtoto aliyelala. Baadaye tulielewa kwamba ndivyo milango ya studio inavyofungwa, na kwamba mikono yake haikuwa inajua namna nyingine.

"Sauti yote ile anaiweka wapi huyu baba?" mwenzangu wa Misigiri akanong'ona.

Alisimama mbele, akatazama saa ya ukutani, akasubiri mshale wa sekunde ufike juu kabisa. Ulipofika, akaanza. Hamjambo. Yafuatayo ni muhtasari wa somo la leo. Akataja mambo matatu, akayasoma moja moja kwa ufasaha ambao sijausikia tena kwa mwalimu yeyote, kila nukta mahali pake, kila pumzi mahali pake, kisha akarudia muhtasari, akasema huo ndio mwisho wa somo. Akainua macho.

Zilikuwa zimepita dakika kumi na moja. Kipindi kilikuwa cha saa mbili.

Namkumbuka alivyosimama pale. Alitazama saa, akatutazama sisi, akatazama mlango, kama mtu anayesubiri tangazo la mafuta ya kupikia liingie limpokee. Halikuingia. Nje upepo wa Singida ulikuwa unavuma kwenye mabati, nasi tulikuwa kimya kwa sababu hatukujua kama tunatakiwa kupiga makofi. Nilimwona anatoa jasho. Ndipo akageuza karatasi, akaanza kusoma upya, kuanzia Hamjambo.

Na sisi, kwa adabu, tukaitika tena.

Hakuwa mwalimu mbaya, hilo lieleweke mapema. Alikuwa ametangaza kwa miaka mingi, akasoma shahada ya pili polepole katikati ya zamu, na chuo chetu kilipoanzisha masomo ya utangazaji kilitaka mtu aliyeifanya kazi kwa mikono yake. Alijua mambo ambayo hayamo kitabuni. Alitufundisha kusoma habari ya msiba bila kuomboleza na habari ya ushindi bila kushangilia. Alitufundisha kuandika sentensi ambayo mama anayekoroga ugali ataishika bila kuacha kukoroga. Kufikia wiki ya nne alikuwa amejifunza kuzijaza saa mbili, tena tukawa tunaingia mapema ili tumsikie akiimba zile silabi zake koridoni, na wengine tulimwitikia mle ndani kwa sauti ya chini, ma, me, mi, tukicheka hadi machozi.

Lakini alikuwa na kasoro moja, na kasoro hiyo ndiyo ilitaka kumfukuzisha. Alikuwa hawezi kuvumilia kimya.

Aliuliza maswali mazuri. Aliuliza, akaachia nafasi ya kupepesa jicho, kisha akajibu mwenyewe. "Kwa nini habari hii isianze na jina la waziri? Kwa sababu msikilizaji hana shida na waziri, ana shida na daraja." Jibu zuri, kweli, lakini mkono wangu ulikuwa bado uko mezani. Tulipoinua mikono tulikuta swali limeshazikwa na jingine limezaliwa. Mwenzangu wa Misigiri alisema ukimwacha akuulize jina lako, atakutajia la kwake na atalirudia kwenye muhtasari.

Kwangu mimi hali ilikuwa mbaya kuliko kwa wenzangu wote. Nyumbani kwetu swali la mkubwa halijibiwi papo hapo. Ndivyo bibi alivyotulea. Mkubwa akikuuliza, unalipokea swali, unainamisha macho kidogo, unaliacha likae, ndipo unajibu. Kujibu haraka ni kama kumpokonya mtu kitu mkononi kabla hajakupa. Shuleni walimu walishanizoea. Sasa nilikuwa nimekutana na mtu ambaye maisha yake yote yalimfundisha kinyume. Aliniuliza mara nne ndani ya muhula ule, akanitazama machoni, nami mara nne nikainamisha macho, na mara nne akanijibia.

Siku moja aliniita ofisini. Alikuwa amesahihisha kazi zetu za maandishi, na yangu ilikuwa mezani pake, imejaa alama za vema. Akaniuliza mbona mtu anayeandika hivi hasemi kitu darasani. Nikainamisha macho. Akasema labda naogopa watu. Nikawa bado natafuta pa kuanzia. Akasema au labda ni shida ya lugha, kwamba hata yeye alianza na lugha ya nyumbani. Akasema basi nijitahidi. Nilipofungua mdomo alikuwa ameshanishukuru kwa kufika.

Nikacheka. Sikupanga, kicheko kilinitoka tu, na nilipojaribu kukizuia kikazidi. Alinitazama kwa mshangao, na kwa mara ya kwanza akakosa la kusema, kwa hiyo nikapata nafasi. Nikamweleza kuhusu bibi na maswali ya wakubwa.

Alinisikiliza akichezea kalamu. Kisha naye akanieleza yake. Alipokuwa kijana kazini, siku moja karatasi ya pili ya taarifa ya habari ilimdondoka chini ya meza. Aliinama kuitafuta. Hakuwa amekaa huko chini kwa muda mrefu, labda muda wa kunywa kikombe cha maji. Alipoinuka, simu ya studio ilikuwa inaita, na za mezani kwa mhariri mkuu zote zilikuwa zinaita. Watu wa mkoa mzima walitaka kujua ni nani amefariki. Redio ikinyamaza, aliniambia, watu hawafikirii karatasi, wanafikiria msiba.

"Tangu siku hiyo," alisema, "nikisikia kimya nasikia simu zinaita."

Halafu, kwa sauti ileile ya saa moja asubuhi, akanisomea habari yake mwenyewe. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja wa majaribio. Wanafunzi walijaza fomu katikati ya muhula, na karibu wote waliandika kitu kimoja: mwalimu anauliza na kujijibu. Mkuu wa idara, mama mmoja mkali mwenye miwani ya kamba, angekuja kukaa kwenye kipindi chake cha mwisho. Akikuta darasa linasema, mkataba utaendelea. Akikuta linasikiliza redio, basi. Na kule redioni hapakuwa na pa kurudi. Kiti chake alikuwa amekikalia kijana anayecheka katikati ya taarifa ya habari.

Safari hii kimya changu hakikuwa cha adabu. Mimi pia nilikuwa nimeandika kwenye ile fomu.

Mwishowe nilisema tu kwamba bibi yangu alikuwa msikilizaji wake, na kwamba angefurahi sana kumwona. Nilisema kama mtu anavyosema karibu nyumbani, bila kutegemea kitu. Jumamosi iliyofuata alikuwa nje ya chumba chetu Mandewa na gari lake dogo, amevaa sweta lilelile, ameniletea hata mwenzangu wa Misigiri, ambaye alikuwa amemkuta barabarani na kujialika.

Tulipofika Mgori, bibi alikuwa uani anapiga vichwa vya alizeti kwa fimbo, amejifunga kanga kichwani kwa ajili ya vumbi. Alimtazama mgeni, akanitazama mimi, akaniuliza kwa Kinyaturu ni mtu gani huyu wa kunyong'onyea. Nikamwambia ndiye yule wa redio. Akasema si kweli.

"Shikamoo mama," mwalimu akasema.

Bibi akafumba macho. Alisimama pale na fimbo yake, macho ameyafumba, uso ameuelekeza upande wa sauti, na baada ya muda uliomfanya mwalimu aanze kutikisa mguu, akasema, "Marahaba. Sema tena." Akasema tena. Bibi akafumbua macho, akamtazama kwa hasira.

"Mwaka ule uliniambia mvua itanyesha. Nikapanda."

Mwalimu akaanza kueleza kuhusu mamlaka ya hali ya hewa, kwamba yeye alikuwa msomaji tu. Bibi hakutaka kusikia. Kwake aliyesema ndiye aliyesema. Alimtembeza hadi shambani kumwonyesha mahali penyewe, akataja na mtama ulioungua, nasi wawili tukabaki nyuma tunaumwa mbavu kwa kicheko. Waliporudi, mwalimu alikuwa ameshaomba radhi kwa niaba ya mawingu yote, na bibi akaenda kuchinja kuku.

Baada ya chakula bibi akaleta asali. Si ya chupa. Aliileta ndani ya sega lake, vipande vinene kwenye bakuli, kwa sababu mjomba wangu ana mizinga upande wa msituni na mgeni wa heshima hapewi asali iliyokamuliwa. Mwalimu alikuwa katikati ya mahojiano. Tangu tufike alikuwa anamuuliza bibi maswali, na bibi alikuwa anayapokea, anayaacha yakae, na kabla hajajibu anaulizwa lingine, kiasi kwamba majibu yake yalikuwa yanachelewa kwa maswali mawili. Aliulizwa ana watoto wangapi, akaulizwa alizaliwa wapi, akaulizwa kama alisoma, ndipo akajibu, "Saba." Mwenzangu wa Misigiri akalazimika kutoka nje.

Mwalimu akauliza bibi alinunua lini redio ya kwanza. Na wakati huohuo, bila kufikiri, akatia kipande cha sega mdomoni.

Asiyewahi kutafuna sega hajui ilivyo. Asali inaisha mapema, lakini nta inabaki, inajaa kinywa, inashika meno, na mtu mwenye adabu hawezi kusema nayo wala kuitema mbele ya mwenye nyumba. Akatafuna. Bibi akaendelea kutazama mikono yake. Kuku mmoja akapita. Mwalimu akatafuna, macho yamemtoka, nikajua anasikia simu zikiita.

Kisha bibi akajibu. Alisema redio ya kwanza hakuinunua, aliachiwa na marehemu babu, na kwamba babu alipofariki hakuiwasha mwaka mzima kwa sababu alizoea kumsikia babu akiikosoa. Alisema alipoiwasha tena, sauti ya kwanza aliyoisikia ilikuwa ya mtu huyu. Alisema mengi. Mimi mwenyewe, niliyelelewa naye, sikuwa nimewahi kuyasikia, kwa sababu sikuwahi kumuuliza.

Mwalimu aliitoa ile nta mdomoni, akaishika kwenye kiganja, akaitazama muda mrefu. Tulipoondoka aliomba kwa aibu kama angeweza kupewa sega lingine la kwenda nalo.

Tangu hapo alikuja darasani na kikopo kidogo chenye kifuniko. Akiuliza swali, anakifungua, anatia kipande kinywani, anatafuna. Wengine darasani walidhani ni dawa ya koo. Wiki ya kwanza tulimtazama tu. Wiki ya pili mtu mmoja akajibu, halafu wawili. Kipindi cha mwisho kilipokaribia, tulikuwa watu wanne au watano tunaosema, mimi nikiwa wa mwisho daima, na kikopo kilikuwa kimebaki na kipande kimoja.

Asubuhi ya kipindi hicho mkuu wa idara alifika kabla yake. Alikaa nyuma kabisa, akatoa fomu, akavua kifuniko cha kalamu. Tukasikia ma, me, mi, mo, mu koridoni, haraka kuliko siku zote. Mwalimu akaingia, akaufunga mlango kwa mikono yake miwili, akafundisha nusu saa vizuri sana. Halafu akauliza swali la kwanza, na bila kutazama akakifungua kikopo.

Kilikuwa kitupu.

Nilimgeukia mwenzangu wa Misigiri. Alikuwa ameinamisha kichwa hadi paji la uso limegusa daftari. "Nilidhani ni mabaki ya jana," alinong'ona. "Nilikuwa sijanywa chai." Alikuwa ndiye anayesaidia kubeba vitabu vya mwalimu kutoka ofisini, na njia ile ni ndefu kidogo.

Mwalimu alisimama na kikopo kitupu, mdomo umeanza kufunguka. Swali alilouliza halikuwemo kwenye karatasi yake. Alikuwa ameuliza hivi: yeye alisoma habari asubuhi kwa miaka yote ile ndani ya chumba kisicho na dirisha; sisi tuliokuwa upande wa pili tulikuwa tunafanya nini? Na alikuwa ananitazama mimi.

Niliinamisha macho. Sikuweza kufanya vingine, hata kwa ajili yake. Nililipokea swali. Juu ya paa upepo uliinua kipande cha bati ukakiachia. Nikasikia pumzi yake inaingia, ile pumzi ya mtu anayeanza kusoma, nikajua sasa basi. Kisha nikasikia mguu wa kiti ukiburutwa kwenye sakafu. Mwalimu wetu, ambaye hakuwahi kukaa mbele yetu hata siku moja, alikuwa amevuta kiti. Akakaa. Akaweka mikono juu ya magoti kama mgeni uani kwetu, akanyamaza, na jasho likamtiririka hadi kwenye sweta.

"Bibi alikuwa anakujibu," nikasema.

Hakusema kitu.

"Kila asubuhi ukisema hamjambo, yeye anapuliza moto, anapanga kuni, anaweka sufuria. Halafu ndio anaitika, hatujambo baba. Wewe unakuwa umeshafika kwenye bei ya alizeti. Nilipokuwa mdogo nilidhani huna adabu, maana hukuwahi kumsubiri."

Kilianza nyuma, karibu na mkuu wa idara, kicheko kimoja, kisha darasa lote likapasuka, na mwalimu naye akacheka hadi akashika meza. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kuulizwa. Mmoja akasema kwao redio ilifungwa kwenye pembe ya plau. Mwingine akasema baba yake alikuwa anasimamisha ugomvi wa nyumbani ili asikie vifo, kisha anauendeleza palepale ulipoishia. Mwenzangu wa Misigiri akasimama, labda kwa toba, akaeleza jinsi walivyokuwa wakivuna vitunguu huku redio imewekwa juu ya gunia, na mama yake akibishana na sauti ile kuhusu bei, akaiigiza, mama na redio wote wawili. Hata mkuu wa idara aliweka kalamu chini. Alisema yeye alikuwa akinyoosha sare za wanawe, na habari ya kifo cha mwalimu wake wa zamani aliisikia kwa sauti hii, akaunguza shati. Wakati wote huo mwalimu alikuwa amekaa, anageuza kichwa kwa huyu na yule, na nilipotazama saa ya ukutani kipindi kilikuwa kimeshapita, naye hakuwa ameitazama hata mara moja. Hakusoma muhtasari wa mwisho.

Mkuu wa idara akasimama, akakunja fomu yake, akaitia kwenye mkoba. Darasa likatulia. Alitembea hadi mlangoni, akageuka akiwa ameshashika kitasa.

"Mwalimu, muhula ujao uko tayari kulichukua tena somo hili?"

Mwalimu akainamisha macho. Mwenzangu wa Misigiri akanibana mkono hadi ukauma. Bati likapiga juu ya paa, likapiga tena. Nilihesabu pumzi zangu, moja, mbili, tatu, na mkuu wa idara naye akasubiri, na mdomo wake ukaanza kutabasamu pembeni.

"Niko tayari, mama," akasema.

Yule mama akatikisa kichwa kukubali, akatoka. Alikiachia kitasa, upepo ukauchukua mlango na kuubamiza nyuma yake kwa kishindo, na mwalimu wetu hakushtuka.